AC haiwaki kabisa tangu umeme urudi, nianze kukagua wapi?

Mbezi_Juu
Wakuu habari za jioni. AC ni ya ukutani, BTU 12,000, siyo inverter (ile inayobadili kasi ya kompresa), gesi R-410A. Umeme ulikatika mchana, uliporudi ikagoma. Ndani hakuna taa wala mlio, kimya kama haijaunganishwa. Kioo cha rimoti kinaonyesha namba kama kawaida. Friji, taa na pangaboi zote zinafanya kazi. Fundi kasema kwa simu kuwa gesi imeisha, anataka kuja na mtungi. Multimita ipo na kupima volti najua. Kabla ya kulipia gesi nikague nini?

Nyutro
Mwambie abaki na mtungi wake. AC ya aina hiyo ikiishiwa gesi bado inawaka: taa inawaka, feni ya ndani inapuliza, kompresa (pampu ya gesi iliyo nje) inazunguka, ila hewa haipoi. Iliyo kimya kabisa ama haipati umeme, ama bodi imekufa. Na gesi haichomwi kama mafuta ya gari, inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, kuna mahali panavuja.

Sasa fuata umeme unakotoka hadi unakoishia, usiruke kituo.

Anza kwa kuitoa rimoti kwenye lawama. Inua mfuniko wa mbele wa yuniti ya ndani utafute kitufe kidogo kilichoandikwa AUTO au EMERGENCY, mara nyingi kiko kulia. Kibonyeze mara moja. AC ikiwaka, kosa ni la rimoti. Kioo cha rimoti kuonyesha namba si ushahidi wa kitu, maana betri iliyochoka inaweza kuwasha kioo ikashindwa kurusha miale. Weka betri mbili mpya za AAA, kisha elekeza rimoti kwenye kamera ya mbele ya simu na ubonyeze kitufe: lazima uone nukta ya zambarau ikimetameta. Kamera ya nyuma kwenye simu nyingi ina kichujio kinachozuia miale hiyo, ndiyo maana watu hudhani rimoti imekufa.

Kitufe kikigoma, nenda kwenye breka. Breka iliyotripu mara nyingi haishuki hadi mwisho, inabaki katikati na kwa mbali inaonekana iko juu. Ishushe mpaka chini kabisa ndipo uipandishe. Ikikata papo hapo, acha, usiipandishe tena na tena. Hiyo ni kesi nyingine.

Halafu swichi ya ukutani yenye taa nyekundu. Taa hiyo inakula mkondo mdogo mno, itawaka hata kama vyuma vya ndani vya swichi vimeungua na haviwezi tena kubeba mzigo. Usiiamini.

Mwisho pima kwenye tamino, kile kibao cha skrubu ambako waya wa umeme umefungwa, kwenye yuniti ya ndani nyuma ya kifuniko kidogo cha kulia. Multimita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye L (laivu) nyingine kwenye N (nyutro). Testa ya bisibisi hapa haifai. Itawaka kwenye laivu hata kama nyutro imekatika, na AC haitembei kwa laivu peke yake. Unatakiwa kupata 220 hadi 240. Ukipata sifuri, rudi nyuma: pima kwenye swichi, pima kwenye breka, waya uliokatika au skrubu iliyolegea iko kati ya mahali penye volti na mahali pasipo na volti. Leta namba.

Mbezi_Juu
Kitufe cha AUTO hakifanyi kitu. Breka iko juu, nimeishusha na kuipandisha. Kwenye tamino L na N napata 233.

Nyutro
Basi umeme unafika mlangoni na ndani hakuna anayefungua. Hapo ni bodi. Namwachia BodiNaRelei.

BodiNaRelei
Zima breka, siyo swichi ya ukutani tu. Swichi nyingine hukata waya mmoja peke yake, na kama aliyefunga aligeuza nyaya, umekata nyutro huku bodi nzima bado ina moto. Pima tena kwenye tamino upate sifuri ndipo uingize mkono.

Fungua skrubu za kava kubwa, toa kava, vuta kiboksi cha umeme upande wa kulia. Piga picha ya kila plagi kabla ya kuchomoa hata moja.

Tafuta fyuzi ya kioo yenye urefu wa milimita 20 na unene wa milimita 5, karibu na pale laivu inapoingia kwenye bodi. Nyingi zimeandikwa T3.15A 250V, lakini soma kilichochapwa kwenye bodi yako pembeni yake, ndicho cha kufuata. Herufi T maana yake ni fyuzi ya taratibu, inavumilia mshtuko mfupi wa kuwasha. Ukiweka F ya ampia zile zile inaweza kukatika siku ya kwanza bila kosa lolote.

Ichomoe uipime kwa mlio wa multimita. Halafu iangalie kwenye mwanga, maana fyuzi iliyokufa inasema ilikufaje. Kioo kikiwa safi na uzi umekatika katikati, huenda ilichoka tu. Kioo kikiwa cheusi au kimepakwa kama fedha kwa ndani, kulikuwa na shoti kali, na ukiweka mpya bila kutafuta sababu utaichoma nayo.

Kando ya fyuzi angalia kidonge bapa chenye miguu miwili, mara nyingi cha bluu. Hiyo ni varista. Kama imepasuka, imeungua au imeacha masizi kwenye bodi, tuandikie maandishi yaliyobaki juu yake.

Mbezi_Juu
Fyuzi nyeusi tii, haipitishi. Ile ya bluu imepasuka upande mmoja, inasomeka 10D471K. Fyuzi ni T3.15A.

BodiNaRelei
Kesi imejieleza yenyewe. 10 ni kipenyo chake kwa milimita. 471 inasomwa 47 na sifuri moja, yaani volti 470. Kwa umeme wa kawaida varista haipitishi chochote cha maana. Volti zikiruka sana inageuka kuwa kama waya, inavuta mkondo mwingi ghafla na fyuzi inakatika. Inakufa ili kilicho nyuma yake kipone. Kwa hiyo kuna nafasi nzuri kwamba bodi yako ni nzima.

Nunua varista yenye maandishi yale yale. Ukikosa 10D471K, 14D471K inafaa kama miguu itaingia, ni ile ile ila inahimili mshtuko mkubwa zaidi. Maduka ya vifaa vya elektroniki Kariakoo hayakosi zote mbili. Nunua fyuzi tatu, siyo moja.

Kijiti_Kavu
Mnamzungusha bure. Kata hiyo ya bluu, kwenye fyuzi zungushia ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, AC inapiga kazi.

BodiNaRelei
Kijiti, nusu ya kwanza ni kweli: ukiikata varista AC itawaka. Siku volti zikiruka tena hakuna wa kuzipokea, zinakwenda moja kwa moja kwenye daraja la dayodi na chipu ya kulisha bodi, na hapo unanunua bodi nzima. Nusu ya pili ni kuchoma nyumba. Karatasi ya sigara haikatiki kwa ampia 3, inasubiri breka ya ampia 20 iliyo mbali, na wakati inasubiri ni njia za shaba za bodi ndizo zinazowaka. Tena ndani ya kiboksi cha plastiki, juu ya kitanda cha mtu.

Mbezi_Juu, ukishabadilisha usiwashe moja kwa moja. Funga balbu ya nyuzi, ile ya zamani ya wati 60 au 100, mfululizo kwenye laivu inayoingia kwenye bodi. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Acha waya za yuniti ya nje zimechomolewa. Washa breka. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, shoti bado ipo mbele na fyuzi yako imepona kwa sababu balbu imeubeba mzigo. Ikimulika kidogo kisha ikafifia au kuzima, na AC ikapiga mlio wake, bodi iko salama. Zima, ondoa balbu, rudisha kila kitu. Usijaribu kuendesha kompresa kupitia balbu, haitazunguka.

Na kwa atakayesoma baadaye akakuta fyuzi ni nzima na varista ni nzima: pima volti za DC kwenye bodi. Bodi nyingi zina 12 kwa ajili ya relei, zile swichi zinazowashwa na bodi, na 5 kwa ajili ya ubongo. Kwenye bodi ya kizamani yenye transfoma ndogo, pima omu za upande wa kuingilia umeme baada ya kuichomoa. Ikiwa haipitishi kabisa, transfoma imekatika ndani, na hiyo inauzwa peke yake. Ikiwa 12 ipo na 5 haipo, mshukiwa ni kirekebishi, mara nyingi kimeandikwa 7805, au kuna kitu kwenye mstari wa 5 kinachoivuta chini, na sensa ya joto yenye maji huweza kufanya hivyo.

PwaniFundi
Salamu kutoka Mombasa. Kwa sisi tulio karibu na bahari, kabla mtu hajalaumu bodi na achungulie wanyama. Mjusi kafiri hupenda joto la bodi ya yuniti ya nje, hulala juu yake, na siku moja miguu yake hugusa njia mbili zenye volti 230. Hubaki yeye amekauka na bodi ina doa jeusi. Sisimizi nao huingia ndani ya relei na kontakta, yaani relei kubwa ya yuniti ya nje. Hubanwa katikati ya vidole viwili vya shaba mpaka vinaacha kugusana. Ukisikia relei inagonga tik lakini upande wa pili hakuna volti, fikiria sisimizi au vidole vilivyoungua. Relei iliyozibwa haifunguliwi. Hubadilishwa. Kontakta yaweza kusafishwa kwa burashi kavu, umeme ukiwa umezimwa, usiikwangue kwa msasa kwani utatoa ile ngozi ya fedha iliyo juu ya shaba.

Chumvi ni hadithi ya pili. Kila plagi ya waya iliyogeuka kijani kwenye yuniti ya nje hupandisha ukinzani, hupata moto, plastiki yake huwa kahawia, kisha waya hukatika. Kata ile sehemu ya kijani mpaka ukutane na shaba nyekundu inayong'aa, bana kichwa kipya. Kukaza kichwa kilekile chenye kutu hakusaidii kitu. Na zile tundu za nyaya, zizibe kwa silikoni.

Sinza_Kwa_Remmy
Samahani kuvamia uzi. Yangu ya ndani inawaka na kupuliza vizuri, ila nje feni inazunguka, kompresa inanguruma sekunde kama tano hadi kumi, inanyamaza, baada ya dakika chache inarudia. BTU 12,000 vilevile, siyo inverter. Hiyo nayo ni varista?

Nyutro
Hapana, bodi yako inafanya kazi na relei inatuma umeme. Hiyo ni kompresa inayotaka kuanza na kushindwa, kinga yake ya joto inaikata, ikipoa inajaribu tena. Izime sasa hivi. Kila mngurumo mmoja unapitisha mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida kwenye koili ambayo haizunguki, na koili haina subira.

Washukiwa ni watatu na wanakamatwa kwa mpangilio huu: volti ndogo, kapasita (kinachoisaidia kompresa kuanza), kompresa yenyewe.

Volti zipime kwenye tamino la nje wakati ule ule inaponguruma, siyo ikiwa imepumzika. Umeme unaweza kuwa 225 mzigo ukiwa haupo, ukaanguka hadi 170 kompresa inapovuta. Ikianguka hivyo, tafuta waya mwembamba au skrubu iliyoungua njiani. AC ya BTU 12,000 inataka waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, moja kwa moja kutoka kwenye breka yake. Ukikuta imeungwa kwenye soketi ya sebuleni kwa waya wa 1.5, umeshampata.

Volti zikisimama juu ya 200 wakati wa mngurumo, kamata kapasita. Ni kopo la aluminiamu au plastiki karibu na kompresa, limeandikwa µF (maikrofaradi, kipimo cha ukubwa wake) na 450V. Kwa BTU 9,000 utakuta 25 hadi 30, kwa 12,000 ni 30 hadi 35, kwa 18,000 huwa 45 hadi 50, kwa 24,000 ni 50 hadi 60. Hayo ni ya kukupa picha. La kufuata ni lililoandikwa kwenye kopo la asili au kwenye mchoro ulio nyuma ya kifuniko. Ile ndogo ya 2 hadi 5 ni ya feni, usizichanganye.

Kijiti_Kavu
Gusanisha vichwa vyake kwa bisibisi itoe cheche, ikitoa ni nzima.

Nyutro
Cheche inaonyesha kwamba bado inashika chaji, haionyeshi kiasi gani. Kapasita ya 35 iliyobaki na 15 itatoa cheche nzuri tu na kompresa haitaanza. Isitoshe cheche hiyo inaweza kupasua kopo au kuyeyusha bisibisi usoni mwako. Imwage chaji kwa balbu ya wati 60 ya nyuzi yenye nyaya mbili, gusisha sekunde chache, kisha pima volti za DC uone sifuri. Hapo ndipo uchomoe waya na kupima kwa multimita yenye alama ya µF. Kopo zuri liko ndani ya asilimia 5: la 35 lisome kati ya 33 na 37 hivi. Likishuka chini ya 31, badilisha. Likivimba juu, badilisha hata kama linasoma vizuri.

Unaponunua, µF ziwe zile zile. Volti zinaweza kuzidi, zisipungue: 450 kwa 450. Kuongeza µF "ili iwe na nguvu" ni imani tu. Mkondo kwenye koili ya kuanzia unapanda na unaipika taratibu.

Sinza_Kwa_Remmy
Imeandikwa 35, multimita inasema 18.4. Volti wakati wa mngurumo 219.

Nyutro
Usitafute zaidi. Weka 35 mpya, na subiri angalau dakika tatu tangu ulipoizima kabla ya kuwasha, ili presha ya pande mbili ilingane. Kompresa inayoanza dhidi ya presha kubwa inanguruma hata kama kapasita ni mpya, halafu utarudi dukani kugombana na mtu wa watu.

TaaYaKijani
Niongeze kitu kwa wale ambao ndani inapuliza na nje ni kimya kabisa, hata feni hakuna. Kabla ya bisibisi, angalia rimoti: alama iwe ya theluji, siyo jua, siyo feni, siyo tone la maji. Joto liwekwe chini ya joto la chumba, mathalani 20. Ukiacha 27 na chumba kiko 26, yuniti ya nje haiwezi kuwaka na haina kosa. Halafu subiri dakika tatu kamili kwa saa, maana baada ya umeme kurudi bodi yenyewe inachelewesha kompresa kwa makusudi. Hesabu pia taa zinavyomulika. Kosa la sensa hujionyesha kwa namba ya mimuliko au herufi kwenye kioo, na kila kampuni ina orodha yake, kwa hiyo msichukue E1 ya AC moja mkaipeleka kwenye nyingine.

Sensa inapimika kirahisi. Ichomoe, pima omu. Nyingi ni kilo-omu 5 au 10 kwenye nyuzi joto 25, na ukiishika kwa vidole namba inashuka polepole. Ikiwa haishuki, au inaonyesha haipitishi kabisa, imekufa. Usibadilishe ya 5 kwa ya 10, AC itadhani chumba kina baridi ya Makete.

Tandika_Relini
Yangu inatripu breka kila nikiwasha. Nianze na nini?

BodiNaRelei
Inatripu lini? Papo hapo unapopandisha breka, au baada ya dakika tatu nje inapotaka kuanza? Jibu la swali hili ni nusu ya kazi.

Papo hapo: shoti iko kwenye waya, tamino au bodi ya ndani. Chomoa kwenye tamino la ndani nyaya zote zinazokwenda nje, zifunge tepu kila mmoja peke yake, pandisha breka. Ikikaa, kosa liko nje au kwenye waya wa njiani, na panya ni wa kwanza kushukiwa. Ikikata tena, kosa ni la ndani.

Baada ya dakika tatu: zima, nenda nje, chomoa nyaya za kompresa pekee, feni iache. Washa. Breka ikikaa na feni ikazunguka, mshukiwa ni kompresa. Vichwa vyake ni vitatu: C (cha pamoja), S (cha koili ya kuanzia), R (cha koili ya kuendeshea). Pima omu kati ya kila jozi. C na R ndogo kuliko zote, C na S inafuata, S na R lazima iwe jumla ya hizo mbili. Mfano, 2.6 na 4.1 zinakupa 6.7. Jumla isipokubaliana, koili imeungua mahali fulani. Kisha pima kila kichwa dhidi ya bomba la shaba lililokwanguliwa rangi: kusiwe na njia kabisa. Multimita ya kawaida haioni uvujaji mdogo. Mwenye mega, kipimo cha uvujaji, ya volti 500 apime, chini ya mega-omu 2 ni dalili mbaya. Kompresa ambayo koili yake inagusa kopo lake la chuma ndiyo inayotripu breka ya uvujaji ya miliampia 30 hata kama breka ya kawaida inavumilia.

Ukikuta S na R zinasoma lakini C haisomi na yeyote, usiihukumu kompresa kifo. Kinga ya joto iliyo ndani imefunguka. Iache ipoe, inaweza kuchukua zaidi ya saa moja, pima tena.

Na soma breka yenyewe. Herufi B inakata mkondo ukifika mara 3 hadi 5 ya ampia zake, C mara 5 hadi 10. Kompresa ya kawaida inaanza kwa mkondo mkubwa, kwa hiyo B16 inaweza kukata AC isiyo na kosa. C16 au C20 inatosha kwa BTU 12,000. Usipandishe hadi 32 ili "isisumbue", kwa sababu breka inalinda waya, na waya wa 2.5 haukutengenezwa kulindwa na 32.

Msasani_72
Na inverter je? Nje kuna taa ya bodi inamulika tu, haianzi.

BodiNaRelei
Hapo taratibu nyingi za juu zisahau. Kompresa ya inverter haina C, S, R wala kapasita ya kuanzia. Ina U, V, W, na omu kati ya jozi zote tatu lazima zifanane, namba ndogo sana, mara nyingi kati ya nusu omu na 2. Anayekuuzia kapasita ya kompresa ya inverter hajui anachouza.

Onyo kabla ya yote: kapasita kubwa za bodi ya nje zinashika volti za DC zipatazo 310, na huzishika hata baada ya kuzima breka. Subiri dakika 10 halafu pima mwenyewe. Taa ya bodi kuzimika haitoshi.

Kosa la mara kwa mara zaidi ni mawasiliano. Kati ya ndani na nje kuna L, N, waya wa ishara na ethi. Umeme ukiwa umewashwa, pima DC kati ya N na waya wa ishara: kwenye nyingi namba inacheza, inapanda na kushuka bila kutulia, ndizo bodi mbili zinazozungumza. Ikitulia mahali pamoja, mmoja amenyamaza. Angalia kwanza kama nyaya zimefungwa kwa namba zile zile pande zote mbili, na kama kuna mahali waya wa ishara uliungwa kwa kusokota njiani chini ya tepu. Maungio hayo yanaingia maji. Vuta waya mzima mpya.

Moduli inayoendesha kompresa inapimwa kwa alama ya dayodi, lakini kubadilisha kwake kunataka pasi nzuri ya lehemu, pasta ya kupitisha joto na mkono uliozoea. Hapo ndipo mahali pa haki pa kumuita fundi. Muite wa bodi, wa gesi atakuja na mtungi.

Mbezi_Juu
Mrejesho. Varista na fyuzi zimebadilishwa. Balbu ilimulika mara moja ikafifia, AC ikapiga mlio. Nimerudisha kila kitu, nje imeanza baada ya dakika tatu. Klampu mita kwenye laivu inasoma ampia 5.2. Baridi ipo, kwa hiyo gesi haijaguswa. Swali la mwisho: nimeambiwa niweke frijigadi ili isirudie. Ile niliyonayo ya friji inafaa?

Sinza_Kwa_Remmy
Na mimi nashukuru. 35 mpya imenguruma kama sekunde moja ikaanza.

Nyutro
Mbezi, 5.2 ni sawasawa kwa 12,000 isiyo inverter. Linganisha na kibandiko cha yuniti ya nje ili uwe na uhakika.

Ya friji, hapana. Geuza usome: nyingi ndogo zimeandikwa 5A. AC yako inatembea na 5.2 na kuanza kwake ni mara kadhaa ya hapo, relei ya kifaa hicho itashikana ndani, halafu hata volti zikipanda haitakata. Tafuta ya AC yenye ampia 16 au 20, isiyo ya plagi, ile ya kufungwa kwa skrubu kati ya swichi na AC. Iwe inakata pande zote mbili, volti zikishuka na zikipanda, na iwe na kuchelewa kwa dakika tatu au zaidi umeme ukirudi.

Kama balbu za nyumba huwa zinang'aa kupita kiasi au kufifia bila sababu, hasa majirani wanapowasha vitu vizito, toa taarifa kwa watu wa umeme wakague nyutro kwenye nguzo na kwenye mita. Nyutro ikilegea, nyumba zilizo kwenye fezi tofauti zinajikuta zimefungwa mfululizo katikati ya volti 400, na yenye mzigo mdogo ndiyo inayopata volti nyingi. Varista yako inaweza kuwa ilikufa kwa sababu hiyo, na hiyo mpya itakufa vilevile.

Ukishafunga hicho kifaa, rudi baada ya wiki mbili, zima breka, kaza skrubu zake tena. Waya wa nyuzi nyingi unajibana taratibu chini ya skrubu na kuacha nafasi. Uvalishe vichwa vya kubana kabla ya kuuingiza kama unavyo.

Mbezi_Juu
Ya AC imeandikwa 20A, kuchelewa dakika 4. Naifunga kesho asubuhi kabla jua halijawa kali.